Je, Wajua? Kituo cha Mlangoni: Msimu wa Pili wa Deep Space Nine Ukitazamwa kutoka Karatu

Je, wajua kwamba tamthilia ya Star Trek: Deep Space Nine ilipoanza msimu wake wa pili huko Marekani, Septemba 1993, Tanzania Bara haikuwa na stesheni ya televisheni hata moja? Zanzibar walikuwa na TVZ yao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi. Sisi wa Bara tulisubiri hadi 1994, msimu ule ukielekea ukingoni, ndipo ITV na wenzake wakawasha mitambo. Kwa hiyo Karatu msimu huo ulitufikia umechelewa: kwanza kanda, baadaye sidii, kisha flashi inayopita mkono kwa mkono, na sasa simu.

Je, wajua kwamba msimu huo una sehemu 26, na hadithi yake inatokea mwaka 2370? Kuna kituo cha anga kimeegeshwa kwenye mdomo wa njia ya mkato inayounganisha pande mbili za galaksi. Upande wa huku wamo majirani wanaojuana kwa biashara na kwa chuki za zamani. Upande wa pili hakuna anayeujua vizuri. Anayetaka kuvuka lazima apite kituoni. Atakula hapo, atalala hapo, atanunua mahitaji, na pengine atagombana na mtu kabla hajaondoka.

Mkazi wa Karatu hahitaji maelezo zaidi. Simama stendi yetu saa kumi na mbili asubuhi. Noah za Mangola zinashusha magunia ya vitunguu, maganda mekundu yakipeperuka hadi kwenye meza za chai. Landcruiser za watalii zimepanga foleni sheli, kwa sababu dereva mwenye akili hajazi mafuta baada ya kupanda msitu. Kijana wa Kimasai aliyeshuka kutoka Endulen anauliza duka la dawa za mifugo. Mama wa Kiiraqw anapanga mahindi ya kuchoma. Wajapani wawili wanatafuta choo. Mwendo mfupi mbele liko geti la Lodoare, na nyuma ya geti ndiyo Ngorongoro. Nimeutazama msimu huu mara tatu mzima, na kila mara naona wazi kuwa waandishi wake, bila kutujua, walikuwa wanaandika kuhusu mji wa mlangoni kama wetu.

Je, wajua kituo chenyewe kilijengwa na nani? Kilijengwa na wakoloni. Wakardasia waliitawala sayari ya Bajor kwa miongo mingi, wakawalazimisha Wabajori kufanya kazi za suluba, na kituo kile, kwa jina la zamani Terok Nor, ndicho kilichokuwa makao yao. Walipoondoka, wenye nchi na wageni wao wakahamia humo humo, wakabadilisha jina, wakaendelea. Katika sehemu iitwayo “Necessary Evil”, ya Novemba 1993, tunarudishwa nyuma tukione kituo kilivyokuwa wakati wa utawala: korido zile zile, zenye giza, watu wamefungiwa upande mmoja wa wavu. Sasa nenda Arusha, mwisho wa barabara ya Boma. Ngome nyeupe iliyopo pale ilijengwa na Wajerumani mnamo mwaka 1900, kwa jasho la Waarusha na Wameru walioshindwa vitani. Leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, na watoto wa shule hupanga foleni uani wakila miwa. Jengo ni lile lile. Ukuta haujui umebadilisha bwana. Wanaojua ni watu, na msimu wa pili unakaa sana juu ya hao wanaojua.

Je, wajua kwamba hata ndani ya kreta ya Ngorongoro yenyewe kuna mabaki ya namna hiyo? Adolph Siedentopf, mlowezi wa Kijerumani, alikuwa na shamba mle chini kabla ya Vita Kuu ya Kwanza.

Je, wajua kwamba vyombo vidogo vya kituo vilipewa majina ya mito ya dunia? Ganges, Orinoco, Rio Grande. Ganges ilipotea katika msimu huu wa pili. Orinoco iliingia kazini humo humo, kwenye “The Siege”. Rio Grande ndiyo iliyodumu misimu yote saba. Rufiji nayo ingependeza pale ubavuni.

Je, wajua kwamba sehemu tatu za mwanzo wa msimu, “The Homecoming”, “The Circle” na “The Siege”, zilikuwa hadithi moja ndefu? Star Trek haikuwahi kufanya hivyo kabla. Zinahusu kundi la Wabajori wanaotaka wageni wote wafukuzwe. Mkoloni amekwishaondoka, njaa bado ipo, na mwanasiasa mmoja anagundua kwamba kumlaumu mgeni ni kazi nyepesi kuliko kulima. Tumeyaona hayo Afrika Mashariki, wala si mara moja.

Sasa nifike kwenye sehemu iliyonifanya niandike safu hii.

Je, wajua kwamba katika “Sanctuary”, iliyorushwa Novemba 1993, mashine ya kutafsiri lugha inashindwa kazi? Katika Star Trek mashine hiyo ndiyo inayorahisisha kila kitu. Viumbe wa kila aina hufungua mdomo na wote wakaelewana. Wanaingia kituoni watu wanne wachovu, Waskreea, lugha yao ngumu, na mashine inaduwaa. Meja Kira, afisa wa Kibajori pale kituoni, anabaki na mikono na uso tu: njoo huku, kaa, kunywa, usiogope. Anawatembeza, anawapa chakula, anawasikiliza, na neno moja moja linaanza kueleweka. Kwa dakika zile chache, watu wa karne ya 24 wanakutana kama watu wanavyokutana Mangola siku ya mnada.

Je, wajua kwamba ukanda huu wetu, kuanzia Ziwa Eyasi na Mbulu kushuka hadi Kondoa, ndio mahali pekee Afrika ambapo makundi yote manne makuu ya lugha yaliyopangwa na wataalamu wa karne ya 20 yanakutana? Kiiraqw ni Kikushi, ndugu wa mbali wa Kisomali. Kimasai na Kidatoga ni Kiniloti. Kinyisanzu cha kusini mwa ziwa ni Kibantu. Na Kihadzabe, chenye vidoko vyake vinavyogonga kwenye meno na kaakaa, wataalamu wengi sasa wanakiweka peke yake kabisa, hakina ndugu duniani. Wahadzabe ni zaidi kidogo ya watu elfu moja. Nimemwona mwanamume wa Kihadzabe mnadani akiuza asali kwa mama wa Kidatoga, wote wawili wakitumia Kiswahili cha maneno kumi: ngapi, ghali, punguza, haya, lete, bado, tamu, mbili, basi, asante. Biashara ikaisha vizuri. Mashine yetu ya kutafsiri ndiyo hiyo, nayo haihitaji betri.

Na je, wajua kwamba nchi hii ilikuwa na watafsiri wa filamu wa kweli, wenye kipaza sauti? Katika vibanda vya video vya miaka ya 1990 na 2000, mtu mmoja alikaa kando ya skrini akageuza Kiingereza, Kihindi au Kichina kuwa Kiswahili papo hapo, na kuongeza vionjo vyake. Dar es Salaam Lufufu alijijengea jina kubwa kwa kazi hiyo. Uganda wana wenzake wengi mpaka leo. Wengi tuliokulia vibandani tulisikia sauti ya mtafsiri kabla ya kusikia sauti ya mwigizaji.

Turudi kwa Waskreea. Wale wanne ni watangulizi tu. Nyuma yao, ng’ambo ya njia ya mkato, wako wenzao milioni tatu, wakulima waliokaa utumwani, wakitafuta nchi waliyoahidiwa katika masimulizi yao. Wanaamini nchi hiyo ni Bajor. Wanaomba ardhi ile ambayo Wabajori wenyewe wameiacha kwa sababu ya ukame na njaa. Bajor inakataa. Inasema haina chakula cha kutosha, haiwezi kubeba mzigo. Wanatafutiwa sayari nyingine, nzuri kwa kilimo, mbali na hapo. Kabla ya kuondoka, kiongozi wao Haneek anamwambia Kira jambo linalouma: sisi ni wakulima, huenda tungeifufua ardhi ile na tukawalisha ninyi pia.

Sisi tuna methali mbili zinazokutana mahali hapo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na ile nyingine: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Waskreea walikuwa wanaomba jembe. Nikifika hapo huwa nasimamisha picha.

Je, wajua kwamba miezi mitano tu baada ya “Sanctuary” kurushwa, nchi yetu ilikabiliwa na jambo hilo hilo kwa kweli? Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilaya ya Ngara. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilisema halijawahi kuona wimbi kubwa na la kasi namna ile. Kambi ya Benaco ikawa mji kwa usiku mmoja. Hapakuwa na mashine ya kutafsiri. Palikuwa na Kiswahili, Kinyarwanda, Kihangaza, na mikono. Baadaye Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda iliwekwa Arusha, kwenye barabara hii hii inayokuja Karatu. Sidhani kama kuna mtu wa Ngara wa umri wangu anayeweza kuitazama “Sanctuary” akabaki na macho makavu.

Je, wajua ni nani waliotangulia kuleta habari za adui mkuu wa tamthilia nzima, dola iitwayo Dominion? Si wanajeshi. Jina hilo linatajwa kwanza na wafanyabiashara, katika “Rules of Acquisition”, Quark mwenye baa akitafuta faida ya pombe ya matunda ya ng’ambo. Mara ya pili linatajwa na wakimbizi, hao hao Waskreea. Makamanda wanakuja kulielewa mwisho kabisa, katika “The Jem’Hadar” ya Juni 1994, wakati meli kubwa ya Odyssey inaporipuliwa mbele ya macho yao. Mpangilio huo ndio kazi ya mwandishi ninayoiheshimu kuliko zote. Habari ya ugonjwa wa ng’ombe, ya mvua iliyokataa, ya barabara iliyokatika, hapa kwetu huanza kwa wachuuzi na kwa waliokimbia. Ofisi hupokea baadaye, kwa barua.

Je, wajua kwamba sehemu mbili ziitwazo “The Maquis”, za Aprili na Mei 1994, zinahusu mpaka uliochorwa juu ya vichwa vya watu? Serikali mbili zimesaini mkataba, mstari umepita, na walowezi walioishi huko miaka mingi wanaambiwa makao yao sasa yako upande wa pili. Wapo wanaokubali kuhama. Wapo wanaokataa, na wachache wanachukua silaha. Jina limetokana na Wafaransa waliopigana msituni dhidi ya Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili. Kinachonigusa ni kwamba anayewaongoza ni rafiki wa zamani wa Kamanda Sisko, mkuu wa kituo: Cal Hudson, mtu mwema. Hakuna mwovu wa kuelekezewa kidole moja kwa moja.

Ngorongoro ina tarehe zake. Mwaka 1959 Wamasai walihamishwa kutoka Serengeti, na Hifadhi ya Ngorongoro ikaundwa kwa ahadi kwamba watu, mifugo na wanyamapori wataishi pamoja. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondolewa. Mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku hifadhini. Mwaka 1992 kikaruhusiwa. Kikapigwa marufuku tena baadaye. Tangu 2022 familia nyingi zimehamia Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema wamekwenda kwa hiari, kwa kuwa watu na mifugo vimezidi uwezo wa eneo. Wapo wakazi na watetezi wa haki wanaopinga hilo kwa nguvu. Kila mmoja hapa Karatu ana shemeji, rafiki au mteja upande mmoja au mwingine. Ninachoweza kusema ni kwamba “The Maquis” inamwacha Sisko akimpenda rafiki yake na asiweze kumkamata, na haimpi mtazamaji jibu la bure.

Haraka haraka sasa.

Je, wajua kwamba mwaka huo huo wa 1959, tarehe 17 Julai, Mary Leakey aliona fuvu la Zinj, jamaa wa kale wa binadamu, pale Oldupai? Na kwamba jina sahihi ni Oldupai, mkonge pori kwa Kimasai, na “Olduvai” ni kosa la sikio la mgeni?

Je, wajua kwamba kosa hilo la sikio limefika Mirihi? Katika filamu ya Doom ya 2005, kituo cha utafiti kilichopo Mirihi kinaitwa Olduvai. Na Arthur C. Clarke, katika riwaya yake ya 3001, anasimulia kwamba jiwe la ajabu la kwanza kabisa lilifukuliwa Olduvai. Watunzi wa hadithi za anga wakitaka kusema “mwanzo”, wanakuja wilaya ya Ngorongoro kuomba jina.

Je, wajua kwamba nyayo za Laetoli, zilizogunduliwa 1978, zina umri wa takriban miaka milioni 3.66? Watangulizi wa binadamu walipita juu ya majivu mabichi ya volkano, mvua ikanyesha kidogo, majivu yakaganda kama saruji. Nyayo za Mwezini za 1969 zimehifadhiwa kwa sababu kule hakuna upepo wala mvua. Zetu zimehifadhiwa kwa sababu mvua ilinyesha.

Je, wajua kwamba Ol Doinyo Lengai ndiyo volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya kaboneti, nyeusi ikitoka, nyeupe ikikaa? Na kwamba mchanga unaohama karibu na Oldupai, ule mwezi mchanga mweusi unaosogea mita kadhaa kila mwaka, una umbo ambalo vyombo vya angani vimeliona pia kwenye matuta ya Mirihi?

Je, wajua kwamba mwigizaji wa Daktari Bashir wa Deep Space Nine ni mzaliwa wa Sudan? Katika msimu wa pili jina lake bado liliandikwa Siddig El Fadil. Alexander Siddig lilikuja baadaye. Mjomba wake, kaka wa mama yake hasa, ni mwigizaji Malcolm McDowell, ambaye mwaka 1994 huo huo alikuwa adui mkuu katika filamu ya Star Trek Generations. Na Sisko, aliyeigizwa na Avery Brooks, ndiye mtu mweusi wa kwanza kuwa kiongozi wa tamthilia ya Star Trek. Katika msimu huu bado ni Kamanda. Ukapteni ulimfikia mwishoni mwa msimu wa tatu.

Je, wajua kwamba mwanamke wa Kiswahili alikuwa ametangulia? Mwaka 1966, mwigizaji Nichelle Nichols alikwenda kufanyiwa usaili wa Star Trek ya kwanza akiwa na riwaya ya Robert Ruark yenye jina Uhuru mkononi. Jina la Luteni Uhura likatoka humo. Baadaye akapewa na jina la kwanza, Nyota. Msimu wa kwanza ulipokwisha alitaka kuacha. Martin Luther King akamsihi abaki, akimweleza maana ya mwanamke mweusi kuonekana mahali pale kama mtaalamu na si mtumishi. Akabaki. Msimu wa pili wa Star Trek ya kwanza una Uhura kwa sababu hiyo.

Na katika msimu wa pili huo, Septemba 1967, kwenye “The Changeling”, mashine inamfuta Uhura kumbukumbu zake zote. Anafundishwa kusoma upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Na anapokwama, kinachomtoka mdomoni ni Kiswahili. Mwandishi fulani wa Hollywood alijua kwamba lugha ya mama haifutiki kwa urahisi. Nilipoisikia mara ya kwanza, kwa masikio haya, nilirudisha nyuma kuhakikisha.

Je, wajua kwamba msimu huo wa 1967 ndio uliozaa hadithi ya ulimwengu wa kioo, “Mirror, Mirror”, na kwamba Deep Space Nine waliirudia katika msimu wao wa pili, “Crossover”, mwaka 1994? Miaka 27 baadaye, tunakuta katika ulimwengu ule wanadamu ndio watumwa kituoni.

Je, wajua kwamba Afrika Mashariki ilikuwa na kituo cha anga chake, lakini kiko baharini? Jukwaa la San Marco, mradi wa Waitaliano, limesimama kwa miguu ya chuma katika maji ya pwani karibu na Malindi, Kenya. Setilaiti ya kwanza ilirushwa kutoka hapo mwaka 1967, ya mwisho 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa hapo setilaiti ya Wamarekani, ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani. Msimamizi wa mradi, Marjorie Townsend, akaiita Uhuru. Setilaiti hiyo iliwasaidia wataalamu kuichunguza Cygnus X-1, kitu cha kwanza angani kilichokubalika kuwa pengine ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyekuwa kiongozi wa kisayansi wa kazi hiyo, alipata Nobeli 2002. Kwa hiyo neno moja la Kiswahili lilikwenda angani mara mbili ndani ya miaka minne: mara moja kwa hadithi, mara moja kwa roketi. Wavuvi wa Malindi walikuwa wakiziona roketi hizo zikipaa juu ya ngalawa zao.

Je, wajua kwamba katika filamu ya Return of the Jedi ya 1983, rubani msaidizi anayeingia kukishambulia kituo cha pili cha Death Star anasema Kikuyu? Sauti ni ya Kipsang Rotich, mwanafunzi Mkenya wakati huo. Dunia nzima ilidhani ni lugha ya kubuni. Nairobi, watu kwenye viti vya sinema walikuwa wanaelewa.

Je, wajua kuhusu kituo kingine cha miaka hiyo hiyo, Babylon 5? Kina urefu wa maili tano, kama kilometa nane, na kinazunguka ili watu wasielee. Sakafu ya kreta yetu ina kilometa za mraba zipatazo 260, na kutoka ukingo hadi ukingo ni kilometa 19 hivi. Kingelala humo chini kizima, na tembo wa msitu wa Lerai wakabaki na nafasi yao. Sehemu yake “The Coming of Shadows”, nayo ya msimu wa pili, ilipata tuzo ya Hugo mwaka 1996.

Je, wajua kwamba Deep Space Nine ikiwa katikati ya msimu huo, tarehe 3 Februari 1994, Sergei Krikalev alikuwa Mrusi wa kwanza kupaa katika chombo cha Wamarekani? Maadui wa jana walikuwa wanajifunza kukaa chumba kimoja. Kipande cha kwanza cha Kituo cha Kimataifa cha Anga kilirushwa Novemba 1998, na tangu tarehe 2 Novemba 2000 hakijawahi kukaa bila mtu.

Je, wajua kwamba kituo hicho kinapita juu ya Karatu, na kinaonekana kwa macho matupu? Kiko kilometa 400 hivi juu, kinakwenda kilometa 28,000 kwa saa, kinaizunguka dunia kila baada ya dakika 90 au zaidi kidogo. Wanaanga wameipiga kreta picha kutoka humo, duara la kijani lenye doa jeupe la Ziwa Magadi.

Cha kufanya ni hiki. Toka nje muda mfupi baada ya jua kuzama, simu ikuoneshe saa za kupita. Mwezi uliopita nilitoka na jirani yangu, babu wa Kiiraqw aliyezaliwa katika nyumba ya tembe iliyochimbwa kwenye kilima huko Kainam. Nilimwamkia, nikamwonyesha upande wa mlima Oldeani. Nuru ikachomoza, haipepesi wala haikonyezi kama ndege, ikapanda polepole mpaka utosini kwetu. Babu akavua kofia, shingo nyuma.

“Kuna watu mle?”

“Wamo, babu. Kwa kawaida saba.”

“Wa kabila moja?”

“Hapana. Warusi, Wamarekani, Wajapani, watu wa Ulaya.”

“Wanasemezana lugha gani?”

Nikamwambia Kiingereza na Kirusi, kila mmoja hujifunza ya mwenzake kabla ya kupanda. Akatikisa kichwa kuridhika. Nuru ikashuka upande wa Manyara, ikaingia kwenye kivuli cha dunia, ikazimika ghafla kabla haijafika kwenye miti.